Hesabu za Bendi Iliyoitwa Risiti

Wahenga walisema chema chajiuza.
Wahenga hawakuwahi kushusha maboksi ya santuri
saa tisa usiku, mjini Hull, upepo wa mto Humber
ukikupekua mifukoni kama askari wa forodha.
Mimi nilishusha. Nilikuwa dereva wao miaka kumi na mmoja,
na gari lile nilikuwa nalijua kwa kikohozi chake.

Waliitwa Risiti.
Gillian Thackray, besi na sauti,
sauti iliyokwaruza kidogo, kama mlango uliovimba kwa mvua;
Craig Stathers, gitaa, mtu wa maneno mawili kwa siku,
moja likiwa "chai";
na Des Oxtoby kwenye ngoma, fundi bomba,
aliyechelewa kila mara ukope mmoja.
Ukimwambia, ananuna. Usipomwambia, anachelewa zaidi.

Walifanyia mazoezi juu ya duka la mazulia, barabara ya Hessle.
Mwenye duka hakudai kodi. Alidai tu
wasipige ule wimbo wa polepole wateja wakiwemo,
maana uliwafanya watu wakae chini, juu ya mazulia,
kisha waondoke bila kununua.
Sijasoma tena uhakiki bora kuliko huo.

Carlisle walikuja watu wanne.
Mmoja alikuwa anasubiri basi.
Basi lilipofika alichungulia dirishani, akaketi tena.
Gillian alimwimbia yeye peke yake mpaka mwisho,
halafu nikampeleka kwake, maili thelathini,
kabanwa kati ya spika na mbwa wa Craig.

Redioni walipigwa mara moja, saa nane usiku.
Tulisimamisha gari kando ya barabara kuu tusikilize.
Mtangazaji akaingilia kabla ya ubeti wa mwisho
kutupa habari za ukungu.
Ukungu tulikuwa ndani yake.

Kisha wale vijana wa Leeds,
waliotufungulia jukwaa wakiwa bado na chunusi,
wakaazima gitaa la Craig, wakaazima nyuzi,
wakaazima na ile namna ya Gillian ya kulikata neno katikati
na kuliacha likining'inia.
Gitaa walirudisha.
Mwaka wa pili niliona nyuso zao ubavuni mwa basi.
Sikumsikia Gillian akilalamika hata siku moja,
ila aliacha kuyakata maneno. Akaanza kuyamaliza,
na nyimbo zikapoa.

Hawakuvunjika. Watu huniuliza walivunjika lini,
kana kwamba bendi ni kikombe.
Craig alipata mtoto. Sikio la kushoto la Des
likaanza kulia filimbi isiyokoma. Gari likafeli ukaguzi.
Tulisema tutakutana baada ya Krismasi.
Hatukusema Krismasi ipi.

Santuri mia tano zilichapwa. Ziliuzwa mia mbili na kumi na mbili.
Moja iliyeyuka juu ya dashibodi yangu, kosa langu.
Zilizobaki zimo gereji kwa mama yake Gillian,
zimeegemezwa mashine ya kukatia nyasi,
na kila Aprili mama yule huzifuta vumbi
kwa kitambaa kile kile anachofutia picha ya mumewe.

Jana, dukani, kijana anayepanga maziwa
alikuwa anapiga mluzi.
Upande wa pili, wimbo wa tatu. Ule wa polepole.
Nilisimama mkono ndani ya friji mpaka vidole vikafa ganzi.
Wimbo ulipotoka, hakuwa amezaliwa.
Akafika pale, kwenye lile pigo la Des
tulilobishania usiku kucha, turudie au tuache,
mpaka pesa ikaisha na kuamua kwa niaba yetu,
na yule kijana akangoja.
Ukope mmoja.
Kisha akaendelea.

Sikumuuliza kitu. Ningeanzia wapi?
Nikalipa maziwa. Mashine ikaniuliza kama nataka risiti.
Nikabonyeza ndiyo.